Kuusoma mtambo wa saa ya kale: fuata nguvu kutoka springi hadi kengele

Aliyerithi saa ya ukutani ya babu, au aliyeichomoa kwenye duka la vitu vya kale Mji Mkongwe, huanza kwa kuuliza ni ya nani na ni ya mwaka gani. Kisha anautazama uso wa saa akitafuta jibu. Uso haufai kwa kazi hiyo. Uso hubadilishwa, kasha hupakwa vanishi upya, na zamani wauza saa waliandika majina yao juu ya kazi za viwanda ambavyo mteja hakuvisikia kamwe. Mtambo ulio ndani ni mgumu kudanganya, ila unataka msomaji anayejua aanzie wapi.

Nazungumzia saa za pendulamu za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, zile zilizotoka Marekani, Ujerumani, Ufaransa na Uingereza, kwa sababu hizo ndizo utakazokutana nazo mara nyingi. Zile zilizoandikwa "31 Day" usoni, ambazo wauzaji wengi huziita za kale, nyingi ni za Asia ya Mashariki za miaka ya 1960 hadi 1980. Ni saa nzuri, lakini bei ya kale hazistahili.

Usijaribu kukariri majina ya vipande. Fuata nguvu: imewekwa wapi, inapita wapi, inazuiwa wapi. Kila kipande utakachokigusa kinafanya moja ya kazi hizo tatu, na ukishajua kazi yake, jina linakuja lenyewe.

Hatua ya 1: Hesabu mashimo kabla hujagusa bisibisi

Tazama mashimo ya ufunguo usoni. Shimo moja maana yake saa inaonyesha wakati tu. Mawili, inapiga kengele za saa, na mara nyingi za nusu saa pia. Matatu, inaimba kila robo saa. Kwenye saa yenye mashimo mawili, la kulia kwa kawaida ni la mwendo na la kushoto ni la kengele. Yakiwa matatu, la katikati ni la mwendo, la kulia ni la nyimbo za robo, la kushoto ni la kuhesabu saa. Zipo zinazokiuka, lakini ni chache.

Halafu sikiliza. Sogeza akrabu ya dakika taratibu kuelekea mbele. Dakika chache kabla ya saa kamili utasikia mlio mdogo wa kitu kuachia na kunaswa tena. Ushike moyoni mlio huo, tutaurudia tukifika kwenye kengele. Akrabu usiirudishe nyuma kuvuka 12 kwenye saa inayopiga kengele. Katika mitambo mingi utapinda kitu.

Hatua ya 2: Utoe mtambo kwenye kasha

Pendulamu kwanza, daima. Inaning'inia kwenye utepe mwembamba wa chuma, na ukilibeba kasha huku pendulamu ikicheza, utepe huo unapinda na saa haitembei tena sawasawa. Kisha akrabu: zimeshikwa kwa pini iliyochongoka au kwa nati ndogo ya shaba. Ya dakika hutoka kwanza, ya saa huvutwa tu. Piga picha kila hatua. Simu yako hapa ni kifaa cha kazi kama koleo.

Katika saa nyingi za Kimarekani mtambo umefungwa kwa skrubu nne kwenye mbao za kasha. Za Kijerumani hukaa juu ya kitanda cha chuma au mbao. Za Kifaransa zimeunganishwa na uso, na hushikwa kwa mikanda miwili ya shaba inayopita hadi pete ya nyuma. Zile ndefu za Kiingereza zinazosimama sakafuni zimekaa juu ya ubao, na mizigo yake inayoning'inia kwa kamba huondolewa kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa onyo, na ni la kweli. Mtambo uliotoka kwenye kasha unaweza kutazamwa, kugeuzwa na kupigwa picha upendavyo, lakini usilegeze nati za mabamba wakati springi zimejaa. Springi ya siku nane ina nguvu ya kuvunja meno ya gurudumu na kukata vidole. Kila kitu kilichomo humu kinaweza kutambuliwa bila kutenganisha mabamba. Ukitaka kwenda zaidi, springi lazima zilegezwe kwanza kwa ufunguo maalumu wenye mpini laini unaouachia uteleze polepole mkononi, na kazi hiyo ya mara ya kwanza ifanye ukiwa na fundi saa.

Hatua ya 3: Mabamba na nguzo

Mtambo ni mabamba mawili ya shaba yaliyoshikwa na nguzo nne au tano, na katikati yake magurudumu. Umbo la mabamba peke yake linakutajia nchi, mara nyingi kabla hujasoma herufi hata moja.

Mabamba yaliyokatwa matundu makubwa, yakabaki kama fremu, ni ya Marekani. Viwanda vya Connecticut vilipiga mabamba kwa mashine kutoka kwenye karatasi za shaba, na shaba ilikuwa ghali, basi kila kipande kisichobeba kitu kilikatwa kikatumika kwingine. Ndivyo saa zao zilivyoshuka bei hadi mtengeneza saa wa huko, Chauncey Jerome, alipoanza kuzipeleka Uingereza mwaka 1842, na maofisa wa forodha wa huko wakazikamata shehena za kwanza wakidhani amedanganya thamani.

Bamba zima la mstatili, zito, lililosuguliwa vizuri, ni la Kijerumani au la Kiingereza. Bamba la mviringo, dogo, kama upana wa kiganja, ni la Ufaransa: huo ndio mtambo wa Paris, uliowekwa ndani ya maelfu ya saa za marumaru na za shaba iliyopakwa dhahabu.

Tazama pia gia ndogo, zile ambazo magurudumu makubwa huzisukuma. Zikiwa zimechongwa kutoka chuma kimoja, zina meno kamili. Zikiwa zimeundwa kwa vijiti vya chuma vilivyopangwa kati ya visahani viwili vya shaba, umeshika mtambo wa Marekani au mmoja wa Kijerumani ulioiga wa Marekani. Wapo wanaozidharau gia za vijiti kwa sababu ni za bei rahisi. Mimi sizidharau: zinavumilia vumbi kuliko zile za kuchonga, na kijiti kimoja kikichakaa kinabadilishwa peke yake.

Hatua ya 4: Nguvu inatoka wapi?

Kuna vyanzo viwili tu, mzigo au springi.

Mzigo huvuta kamba au waya uliozungushwa kwenye pipa la shaba, na pipa limeshikana na gurudumu kubwa kuliko yote. Springi kuu huonekana kwa namna tatu. Ya kwanza iko wazi: utepe mpana wa chuma uliojizungusha, mwisho wake wa nje una kitanzi kilichoshikwa kwenye nguzo. Hiyo ni Marekani. Ya pili imefichwa ndani ya kopo la shaba lenye kifuniko, na kopo lenyewe lina meno pembeni, yaani kopo na gurudumu kuu ni kitu kimoja. Hivyo ndivyo Ufaransa na Ujerumani walivyofanya.

Ya tatu ndiyo inayowachanganya watu. Utaona kopo lisilo na meno, na kando yake koni ya shaba iliyochongwa mfereji unaozunguka kutoka chini hadi juu, na kati yake mnyororo mwembamba sana au kamba ya utumbo. Hiyo koni ni fuzii. Springi iliyojaa huvuta kwa nguvu, inayoisha huvuta kwa unyonge. Springi ikiwa imejaa, mnyororo huvuta penye wembamba wa koni, na inapoishiwa huvuta penye upana, hivyo nguvu inayofika kwenye magurudumu inabaki karibu sawa wiki nzima. Ukiiona fuzii kwenye saa ya ukutani au ya mezani, fikiria Uingereza kwanza. Mafundi wa huko waliendelea nayo muda mrefu baada ya wengine kuiacha kwa sababu ya gharama.

Karibu na kila springi au pipa tafuta gurudumu dogo lenye meno yaliyolala upande mmoja, na kipande cha chuma kinachoyadonoa ukitia ufunguo. Hiyo ni racheti na ulimi wake. Sauti ya kr-kr-kr ni yake. Kagua riveti ya ulimi huo kwa makini: ikicheza, siku moja itaachia springi yote kwa mara moja, na kwenye saa za Kimarekani hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote.

Hatua ya 5: Msururu wa mwendo

Kutoka gurudumu kuu, nguvu hupanda ngazi: gurudumu kubwa linasukuma gia ndogo, na kwenye mhimili wa gia hiyo kuna gurudumu jingine linalosukuma gia nyingine. Kila ngazi mwendo unaongezeka na nguvu inapungua, ndiyo maana mihimili ya juu ni myembamba na ncha zake ni laini mno.

Tafuta gurudumu la katikati. Katika mitambo mingi mhimili wake unatokeza mbele ya bamba na kubeba akrabu ya dakika, kwa hiyo unazunguka mara moja kwa saa. Juu yake gurudumu la tatu, na juu kabisa la mwisho, lenye meno makali yaliyoinama, ambalo nitaliita gurudumu la nanga (nanga yenyewe tutaifikia hatua ya 6).

Ukitaka uhakika, hesabu meno. Chukua saa ndefu ya Kiingereza ya siku nane. Gurudumu kuu lina meno 96 na linasukuma gia ya 8: basi pipa linazunguka mara moja kwa saa 12, na mizunguko 16 ya kamba inatosha siku 8. Gurudumu la katikati lina meno 60 na linasukuma gia ya 8, la tatu lina 56 na linasukuma gia ya 7. Gawanya: 60 kwa 8 ni 7.5, na 56 kwa 7 ni 8. Zidisha, unapata 60. Gurudumu la nanga linazunguka mara 60 kwa saa, yaani mara moja kwa dakika, ndiyo maana akrabu ya sekunde huchomekwa moja kwa moja kwenye mhimili wake. Lina meno 30, na kila jino hupiga mara mbili, kulia na kushoto. Mipigo 60 kwa dakika, 3,600 kwa saa.

Hesabu hii ndiyo silaha yako saa ikiwa imepoteza pendulamu. Ukijua mipigo kwa saa, gawanya 3,600 kwa idadi hiyo, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha zidisha kwa 99.4. Unapata urefu wa pendulamu kwa sentimita, kutoka inapoanza kupinda hadi karibu na kitovu cha sahani yake. Mipigo 3,600 inatoa 99.4, karibu mita moja, ndiyo sababu saa hizo zina makasha marefu. Mipigo 7,200 inatoa sentimita 25 hivi.

Hatua ya 6: Nanga, uma na pendulamu

Juu ya gurudumu la mwisho kuna kipande cha chuma chenye mikono miwili kinachoingia na kutoka kati ya meno. Hiyo ndiyo nanga, na kazi yake ni kuruhusu jino moja lipite kwa kila mipigo miwili. Christiaan Huygens alitengeneza saa ya kwanza ya pendulamu mwaka 1656, lakini nanga ndiyo iliyoiwezesha pendulamu kuwa ndefu na kucheza kidogo.

Angalia namna nanga ilivyotengenezwa. Utepe wa chuma uliokunjwa tu: Marekani. Chuma kizima kilichochongwa: Uingereza na Ufaransa. Nanga yenye vipande viwili vya chuma vinavyoweza kusogezwa kwa skrubu, kwenye mtambo wa mizigo wenye bamba zima: hapo umekaribia zile za Vienna, au za Kijerumani zilizofuata mtindo huo.

Tazama pia tabia yake. Kila jino linaponaswa, je, gurudumu linarudi nyuma kidogo? Kama kuna akrabu ya sekunde utaiona ikitikisika kinyume kila pigo. Hiyo ni nanga ya kawaida. Likisimama tuli bila kurudi, ni ile aliyoikamilisha George Graham wa London mnamo 1715, na saa yako ilikusudiwa kutunza wakati kwa usahihi zaidi. Baadhi ya saa za Kifaransa zina nanga mbele, katikati ya uso, ionekane na wote, na mahali pa chuma kuna vipande viwili vya akiki nyekundu. Hiyo inaitwa Brocot, kwa jina la familia iliyoibuni. Jiwe likilegea hushikizwa kwa shelaki, gundi inayoyeyuka kwa spiriti, kwa hiyo usilisafishe kwa spiriti.

Kutoka mhimili wa nanga hushuka waya au fimbo yenye uma mwishoni, na fimbo ya pendulamu hupita katikati ya uma huo. Uma ndio unaoipa pendulamu msukumo wake mdogo. Pendulamu yenyewe imetundikwa mahali pengine, kwenye utepe wa chuma. Mtambo wa Kifaransa wenye uzi wa hariri mahali pa utepe ni wa zamani zaidi, kwa kawaida nusu ya kwanza ya karne ya 19. Na ukiona tundu dogo usoni karibu na namba 12, lisilohusiana na kutia ufunguo, hapo ndipo urefu wa utepe unaporekebishwa kutoka mbele. Watu wengi wamelazimisha ufunguo mkubwa humo wakavunja.

Saa isiyo na pendulamu kabisa, yenye kigurudumu kinachozunguka mbele na nyuma kwa springi nyembamba, ni ya balansi. Saa za kubeba safarini zilitengenezwa hivyo.

Hatua ya 7: Chini ya uso

Hapa ni kwepesi. Kati ya bamba la mbele na uso kuna gia tatu au nne zinazoigawa kasi ya akrabu ya dakika kwa 12 ili ipatikane ya akrabu ya saa. Bomba la akrabu ya saa limevalishwa juu ya bomba la akrabu ya dakika. Kati yake na mhimili wa katikati kuna kisahani au springi inayobana kwa msuguano, ndiyo maana unaweza kurekebisha wakati bila kuzungusha mtambo mzima. Akrabu zikining'inia ovyo huku saa inatembea, kisahani hicho kimelegea.

Hatua ya 8: Msururu wa kengele

Huu ndio upande ambao watu wengi huuogopa, na kwangu ndio mtamu kuliko wote. Una chanzo chake cha nguvu na ngazi yake ya magurudumu, lakini hauna nanga. Umefungwa muda wote, hufunguliwa kwa sekunde chache, kisha hufungwa tena.

Anzia mwisho wa juu kabisa. Utaona bapa la shaba, mbawa mbili, linalozunguka kwa kasi kengele inapopiga. Hilo ni feni, breki ya hewa. Bila yake kengele 12 zingemiminika kwa pigo moja. Chini ya feni kuna gurudumu lenye pini moja: hilo ndilo la onyo, na ndilo lililotoa ule mlio uliousikia dakika chache kabla ya saa. Wenzo uliinuliwa, msururu ukaachiwa, ukaenda nusu mzunguko, kisha pini ikanaswa kusubiri. Saa kamili ikifika, wenzo unaanguka na pini inaachiwa. Utaratibu huu upo ili kengele ipige kwa dakika yake hasa, hata kama mkono unaoinua wenzo unatembea polepole.

Shuka tena utakuta gurudumu lenye pini kadhaa zilizopangwa duara. Kila pini inainua mkia wa nyundo na kuuachia. Nyundo inapiga kengele ya kikombe, au waya mnene uliozungushwa kwa mduara. Katika saa za Kifaransa kikombe kwa kawaida ni cha zamani kuliko waya.

Swali kubwa ni hili: saa inajuaje kupiga mara ngapi? Kuna majibu mawili, na kulitambua lako ni nusu ya utambuzi wote.

La kwanza ni sahani ya kuhesabia. Tafuta sahani ya shaba yenye mikato ukingoni, umbali kati ya mkato na mkato ukiongezeka kadiri unavyozunguka. Wenzo wenye ncha huteleza juu ya ukingo, na kengele hulia hadi ncha itumbukie kwenye mkato. Ukijumlisha moja hadi 12 unapata 78, na hiyo ndiyo idadi ya mapigo sahani inayobeba kwa mzunguko mmoja. Ikipiga na nusu saa ni 90. Kwenye mitambo ya Kifaransa sahani hiyo mara nyingi iko nje, nyuma ya bamba la nyuma, unaiona ukifungua tu kifuniko. Kwenye ya Kimarekani iko ndani au mbele, pamoja na waya nyingi zilizokunjwa. Ubaya wake ni kwamba haijui akrabu zinasema nini. Upande mmoja wa mtambo ukisimama na mwingine ukiendelea, akrabu zinaonyesha tatu na kengele zinapiga saba.

La pili ni raki na konokono. Konokono ni kipande cha shaba chenye ngazi 12, kimekaa kwenye gurudumu la saa chini ya uso. Raki ni mkono wenye meno kama ya msumeno. Onyo likitoka, raki inaanguka hadi mkia wake uguse ngazi ya konokono. Ngazi ya juu kabisa ndiyo ya saa moja, raki inaanguka jino moja tu. Ya chini kabisa ni ya 12. Kisha kidole kidogo kinaikusanya jino kwa jino, pigo moja kila jino, na ndoano inaizuia isirudi. Edward Barlow wa Uingereza ndiye aliyeibuni mwaka 1676. Faida yake ni kwamba kengele zinafuata akrabu daima. Kwenye saa ndefu ya Kiingereza hesabu meno ya gurudumu kuu la kengele, mara nyingi utakuta 78. Likisukuma gia ya 8, na gurudumu la pini lina pini 8, mzunguko mmoja wa pipa ni mapigo 78, yaani saa 12 kamili.

Hapa kuna jambo la kwetu. Saa nyingi za majumbani mwambao ziliwekwa kwa kuhesabu kuanzia jua, saa sita ya mchana ikipiga mara sita jua likiwa utosini. Mtambo haujali. Lakini ukiletewa saa ambayo kengele na akrabu zimetofautiana kwa sita hasa, usikimbilie kufungua chochote: huenda mtu aliigeuza akrabu ya saa tu, akaacha sahani ya kuhesabia kama ilivyokuwa. Katika mitambo mingi akrabu ya saa imebanwa kwa msuguano, unaizungusha kwa mkono hadi ilingane na kengele. Au iache akrabu, uinue wenzo wa sahani kwa kidole, kengele zipige hadi zifike.

Hatua ya 9: Soma maandishi mwisho

Nimeiweka hatua hii nyuma makusudi. Ukiyasoma maandishi kwanza, macho yataona yanachotarajia.

Tazama bamba la nyuma kwa taa ya pembeni. Nyota yenye ncha nane na herufi J ni Junghans wa Schramberg. Mishale miwili iliyopishana ni kiwanda cha Kijerumani kilichofuata mbinu za Kimarekani, Hamburg Amerikanische Uhrenfabrik. Herufi GB pamoja na nanga na taji ni Gustav Becker, wa Freiburg ya Silesia, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Świebodzice. Muhuri wa duara wenye Japy Frères au S. Marti, na medali za maonyesho, ni Ufaransa. Medali zina mwaka wa maonyesho, na saa haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo.

Tarehe ya hataza kwenye bamba la Kimarekani nayo isikupumbaze. Ni mwaka ambao wazo lilisajiliwa, na kiwanda kiliweza kuendelea kuipiga muhuri kwa miaka mingi baadaye. Ndani ya kasha tafuta karatasi ya kiwanda. Saa ya kiwanda cha Kimarekani cha Seth Thomas yenye "Plymouth Hollow" ni ya kabla ya kijiji hicho kupewa jina la Thomaston mwaka 1865, au karibu sana na hapo. "Made in Germany" inakuja baada ya sheria ya Uingereza ya 1887 iliyotaka bidhaa za nje zitaje zilikotoka.

Namba mbili zenye mkwaju kati yake, mfano 42/105, ni za pendulamu: urefu wa sentimita 42, mipigo 105 kwa dakika. Ukiziingiza kwenye hesabu ya hatua ya 5 utapata sentimita 32 na nusu, na usidhani umekosea. Hesabu inakupa urefu hadi karibu na kitovu cha sahani, kiwanda kilipima pendulamu nzima hadi ncha ya chini.

Hatua ya 10: Je, mtambo ni wa kasha hilo?

Saa za ndoa ya kulazimishwa ni nyingi sokoni. Kagua mashimo ya skrubu kwenye mbao: yakiwa na jozi mbili, moja tupu, kuna mtambo uliotangulia. Mhimili wa ufunguo ukae katikati ya shimo la uso, usiguse ukingo. Ncha ya pendulamu isifike sakafu ya kasha, wala isiishie katikati ya kioo kana kwamba imesahaulika. Nyundo ipige waya mahali palipochakaa. Kengele nayo, ikiwa waya wake umefungwa kwa skrubu mpya zinazong'aa kwenye mbao kuukuu, uliza.

Hili halimaanishi usinunue. Mtambo mzuri wa Junghans kwenye kasha la fundi seremala wa mtaani unatunza wakati vilevile. Ila lipa bei ya hicho ulichokiona.

Ukimwagiza fundi kipuri

Kwa springi kuu, andika vipimo vitatu kwa milimita: upana, unene, na urefu, kisha ongeza ikiwa mwisho wa nje una kitanzi au tundu. Unene unabadilisha nguvu sana, kwa hiyo upime kwa kalipa, usikisie. Kwa utepe wa pendulamu, pima urefu na unene, na upige picha vishikio vyake vya shaba juu na chini. Kwa gurudumu, toa idadi ya meno, kipenyo, na idadi ya meno ya gia iliyo kwenye mhimili wake. Tuma na picha ya bamba la nyuma zima, mihuri ionekane, na picha nyingine ya pembeni inayoonyesha msururu wa magurudumu kutoka chini hadi juu.